Nilimdanganya dada niliyemfundisha kazi ya labo, kisa mashine ya kusoma virusi

Wakuu, habari za humu. Naandika mambo kama yalivyokuwa, hata pale yanaponichoma mwenyewe.

Niko Kasongo, Maniema, huku Kongo. Ni fundi wa labo kwa miaka mingi. Mwamini alikuja hajui hata kushika pipeti vizuri, mimi nikamwelekeza. Ni mtulivu, ananiita kaka.

Basi ikaja formation, yaani mafunzo, ya sequencing. Kwa wasiojua: kuna kimashine unakichomeka kwenye kompyuta, kinasoma kirusi herufi kwa herufi. Ukilinganisha, unajua kama wagonjwa wawili wako kwenye mnyororo mmoja wa maambukizi. Kwa hii mpox ya huku kwetu, si kitu kidogo.

Nafasi ilikuwa moja. Akaenda Mwamini.

Wakuu, niliumia. Akituma picha kwenye grupu la WhatsApp, koti jeupe jipya, mimi naweka dole gumba huku nimenuna.

Aliporudi akapangwa labo ya mkoa, mimi nikawa wa kumtumia sampuli. Alituomba kila kichupa kiwe na namba, jina kamili na kijiji. Nikasema moyoni, huyu wa juzi ananifundisha nini?

Nikaendelea nilivyozoea, jina moja tu.

Siku moja nikatuma kichupa nimeandika "Kasongo".

Wa huku mshaanza kucheka. Kasongo ni mji, halafu Kasongo ni jina la watu kibao. Huyu wangu alikuwa mchimbaji wa kijiji cha Lusangi.

Mwamini akapiga simu. "Kaka Saidi, virusi ya hii kichupa haifanane na ya wengine. Hii Kasongo iko jina ya mutu ao ya mahali?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikawaza: ripoti yake ya kwanza ikienda na kosa, wakubwa wataona walichagua vibaya.

Nikamwambia, "Ya mahali."

Maana yake timu ya kufuatilia maambukizi ije kuzunguka mjini kwetu, Lusangi wabaki hivihivi. Nililijua hilo, na bado nilisikia raha. Raha kabisa.

Kesho yake mke wa yule mchimbaji akashuka kwenye pikipiki, mtoto mgongoni, mikono ya mtoto imejaa malengelenge.

"Papa, mushajua ile ugonjwa ya bwana yangu?"

Nikamwita muuguzi ampokee, nikatoka nje, nikampigia. "Mwamini, Kasongo iko mutu. Wa Lusangi. Nilikudanganya."

Akanijibu:

"Najua, kaka. Nilipigia wauguzi ya vijiji siku ileile, ule wa Lusangi akasema ni mugonjwa wake. Timu iko njiani. Kwa wakubwa sikusema kitu."

Heri angenitukana.

Mtoto anaendelea vizuri, na baba yake pia. Wivu wangu? Bado upo, sitawaficha.

Nilichojifunza ni kwamba nilidhani namkomoa Mwamini, kumbe niliyekuwa namkomoa ni mtoto mchanga asiyejua ugomvi wangu. Na Mwamini mwenyewe hajui kama tulikuwa na ugomvi.

Sasa mkoa umempa kazi ya kutufundisha sisi wa labo ndogo. Jina langu liko la kwanza kwenye orodha, kaliweka yeye.

Aliyewahi kumwonea wivu mwanafunzi wake mwenyewe, anisaidie hapa chini: ulianzaje kumtazama usoni? Tunaanza Jumatatu.