Shazia la Mama

Juzi nilipita mtaani kwetu Tunduma nikakuta watu wakijaza mchanga kwenye viroba, wazibe ukingo wa mtaro uliobomoka. Harufu ya udongo mbichi na moshi wa malori ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Mvua ilikuwa imechukua kivuko cha kijito tulichovuka kwenda shule. Mwenyekiti wa mtaa alisimama mbele ya wazazi, kofia mkononi. "Malori yamepungua mpakani, ushuru hauingii," alisema taratibu. "Mfuko wa halmashauri umetoboka, ndugu zangu. Tusimngoje mtu."

Mimi nilishangaa: mfuko umetoboka, na hakuna anayeushona? Nilikimbia nyumbani, nikachomoa ukutani shazia la mama, ile sindano nene ya kushonea magunia ya mahindi, nikampelekea mwenyekiti.

"Shikamoo. Hili la kushonea huo mfuko."

Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Yeye aliligeuzageuza lile shazia, kisha akamtazama mama. "Mama Neema, magunia matupu unayo?"

Kabla jua halijazama, magunia ya mchanga yalikuwa yamelala kijitoni, midomo imeshonwa na mama, nasi watoto tukivuka juu yake.

Sasa najua mfuko ukitoboka maana yake nini. Lakini juzi pale mtaroni viroba vilikuwa wazi, mchanga ukimwagika. Nikavua viatu, nikauliza, "Nani ana shazia?"