Lotasi Yahamishwa Rafu

Wenzake kazini walimwita Bi Gundi, maana kwa miaka ishirini na sita alikuwa akibandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu katika hifadhi ya mimea na kuipanga makabatini, kila ukoo na rafu yake. Mumewe alikuwa dereva wa hifadhi hiyohiyo, akiwapeleka watafiti porini. Alifariki ghafla, na siku ya kumi na mbili Bi Gundi akarudi kazini. Wifi yake alijaribu kumzuia.

"Nikae nyumbani nifanye nini?" akamjibu.

Asubuhi hiyo mtafiti, binti wa rika la mwanawe, alimpa pole, kisha akabaki amesimama akizungusha kalamu.

"Mama, kuna kazi, ila inaweza kungoja."

"Haingoji. Sema."

Hifadhi ilikuwa imeamua, hatimaye, kufuata mpangilio mpya unaotegemea vinasaba. Yungiyungi na lotasi, maua mawili ya majini yaliyolala rafu moja miaka yote kama chanda na pete, hayakuwa ndugu. Lotasi ilikuwa upande wa mmakadamia.

"Makadamia hizi za kutafuna?"

"Hizohizo. Babu yao mmoja, ila walitengana zamani mno. Mmoja akabaki nchi kavu, mwenzake akaingia majini. Huko kwenye maji ndiko alikopata sura ya yungiyungi."

"Kumbe nimemlaza na jirani nikidhani ni nduguye."

Siku nyingine angecheka mpaka ashike mbavu. Leo aliyasikia tu maneno yakimtoka.

Majalada ya lotasi yalikuwa arobaini na moja, na kabati jipya liko ghorofa ya juu. Akayapandisha matatu matatu. Katika safari ya nne jalada moja likafunguka, akaona lebo yenye mwandiko wa mumewe, herufi zimelalia kushoto: *Bwawa nyuma ya shule. Maji kiunoni. Ua rangi ya waridi.* Akaikumbuka siku ile: mumewe alirudi suruali ikichuruzika, naye akamfokea kwa kuchafua sakafu aliyotoka kuipiga deki.

Akaketi kwenye ngazi, akayasubiri machozi. Hayakuja. Alichoona ni kwamba petali moja imebanduka.

Akarudi mezani, akaipaka gundi kwa brashi nyembamba, akailaza, akaweka kifuko cha mchanga juu yake. Mtafiti akaja, akaisoma lebo.

"Mama, tukutolee nakala ukae nayo?"

"Hapana. Niletee lebo mpya ya rafu. Ile ya zamani inadanganya."

Gundi ilipokauka akalipandisha jalada hilo peke yake, akaliweka mahali pake, akafunga kabati.

Saa kumi wifi yake alikuwa akimngoja getini.

"Umeshindaje, wifi?"

"Nimehamisha lotasi."

"Umekula?"

Bi Gundi akafikiri. Hakukumbuka. Wifi yake akampokea mkoba, akamshika mkono, wakavuka barabara.