Honi ya Nyumbu

Mume wangu aliendesha treni ya mvuke ya mizigo ujana wake wote kule Tanzania, tulikokuwa wakimbizi. Tuliporudi Rwanda tukakaa Gisenyi, akajikuta katika nchi isiyo na reli hata hatua moja. Majirani walimsikiliza, wakacheka, wakambatiza Bwana Treni. Mimi nilikereka. Yeye ndiyo kwanza akazidisha maneno.

Habari za Nyumbu nazijua kama sala. Hilo ndilo jina ambalo wafanyakazi walizipa injini zile, maana, kama nyumbu wa kubeba mizigo, hazikuwa na mbio ila hazikujua kuchoka. Zililetwa kwa meli vipande vipande, zikaungwa karakanani. Injini za abiria zilikuwa na magurudumu makubwa ya mwendo. Nyumbu zilikuwa na madogo, mengi, ya kuvuta. Zilivuta pamba, chumvi, ng'ombe. Kwanza zilikula kuni, baadaye mafuta mazito. Dizeli ilipokuja zikaegeshwa moja moja, na ya mwisho aliipeleka mume wangu mwenyewe ikakatwe vyuma. Siku hiyo hakula.

Kila dereva alikuwa na mlio wake wa honi. Wa kwake ulikuwa mrefu, mrefu, kisha mfupi wa kukatika. Nikiusikia tu, nabandika maji ya kuoga, kwa sababu mtu wa Nyumbu hurudi mweusi kama chungu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini binti yetu akachumbiwa na familia ya hapa mpakani, yenye ndugu tele Goma, upande wa Kongo. Siku ya posa, kwa desturi yetu, wasemaji wa pande mbili hutaniana mbele ya wageni, na anayekosa jibu ameaibika. Msemaji wao, mzee mwenye ulimi mkali, akamgeukia mume wangu. Akasema wamesikia baba wa binti aliendesha chuma kinachokula kuni. Sasa kama kazi yake haina shahidi, malezi yake nayo wayaamini vipi? Ua mzima ukacheka. Mume wangu akatazama viatu vyake.

Kisha akainuka. Akaweka viganja mdomoni, akapiga honi yake: mrefu, mrefu, mfupi wa kukatika.

Nilikuwa nimekaa mbele, nimejifunga mushanana wangu mpya, vazi letu la sherehe. Nikashtukia niko jikoni nyuma ya nyumba, sufuria ya maji mkononi, natafuta nafasi kwenye moto wa wapishi. Mmoja akaniuliza nataka nini.

"Maji ya baba," nikasema. "Amefika."

Niliporudi, ua wote ulinigeukia. Wapishi walikuwa wamenitangulia na habari. Yule msemaji akanitazama, akamtazama mume wangu.

"Na mudomo tunaweza bishana mpaka kesho," akasema. "Lakini miguu ya mama haijue kuongopa. Bon, treni imefika. Mumupatie muzee maji."

Nikakaa kando ya mume wangu, shingo juu, mushanana umelowa maji mpaka magotini.