Pazia la Zambarau la Kapitene

Alhamisi asubuhi Domitille alikuwa akimpimia mteja sambaza, dagaa wa ziwani, katika soko la Kadutu alipomwona katekista Anaclet akiteremka katikati ya meza, kofia mkononi. Anaclet alikuwa mtu wa kuulizia bei ya kila kitu, hata kama hanunui. Siku hiyo alipita meza kumi bila kuuliza chochote. Domitille akajua. Mkono wake uliendelea kuchota, kikombe kikajaa, kikafurika, sambaza wakamwagikia viatu vya mteja, naye akaendelea kuchota.

"Mama Domitille," Anaclet alisema, "batu ba misioni ya Shabunda baliita ku phonie. Polycarpe alikuwa na homa siku ine. Jana magaribi Mungu alimuita."

Phonie ilikuwa ile redio ya parokia ambayo mapadri waliitumia kuzungumza na misioni za mbali. Ilisema pia kwamba wachimbaji wenzake wa dhahabu wamembembeleza rubani mmoja, na kwamba maiti italetwa kwa ndege ndogo Jumamosi asubuhi. Mazishi yawe siku hiyo hiyo.

Polycarpe alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Domitille alimlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na sita na mtoto akiwa na minane. Sasa mtoto huyo alikuwa amekufa akiwa na ishirini na saba, hana mke bado, na wazo la kwanza lililomjia dada yake halikuwa sala wala machozi. Lilikuwa pazia. Liko wapi lile pazia? Aliona aibu kuliwaza, lakini alipofunika meza yake na kuanza kupanda njia ya kwao Cimpunda, miguu ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta kitu.

Mambo ya pazia yalianza mwaka 1975, nyumbani kwa tonton Gérard, mjomba wa watoto wote wa mtaa, karani wa posta, ambaye peke yake alikuwa na televisheni katika upande wao wote. Kila Jumamosi jioni Gérard aliiweka dirishani, uso wake ukitazama uani, na watu walikaa chini mpaka kwenye shamba la maharage la jirani. Walikuja kwa ajili ya Kapitene. Filamu yenyewe ilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo hakuna aliyejisumbua kulishika. Kapitene alikuwa mzungu mwenye kitambi, amevaa suruali ya kubana kama ya ndani, barakoa iliyomziba jicho moja kila alipogeuka, na joho refu mgongoni. Aliporuka angani kamba iliyomshika ilionekana wazi. Mawe aliyoyainua yalidunda yakianguka. Adui yake, daktari mwenye meno ya chuma, alicheka muda mrefu kabla ya kila ubaya, hata Kapitene akawa na nafasi ya kufika.

Mama wengi pale uani hawakusikia Kifaransa. Polycarpe, aliyekuwa ameanza sekondari, alisimama pembeni ya dirisha na kutafsiri. Yaani, alianza kwa kutafsiri. Baada ya wiki mbili alikuwa anatunga. Kwa mdomo wake Kapitene alizaliwa ng'ambo ya mto Ruzizi, alikula bugali na mboga ya sombe kabla ya kupigana, na yule daktari alikuwa ndiye anayeficha muhogo ili bei ipande. Kapitene alipombusu mwanamke mwenye nywele nyeupe, Polycarpe aliwaambia mama kwamba anamnong'oneza rozari. Gérard, aliyesikia Kifaransa vizuri, alijiziba mdomo kwa kofia yake mpaka machozi yakamtoka, wala hakumsahihisha hata siku moja.

Kisha Jumamosi moja Kapitene akafungwa ndani ya tangi lililokuwa likijaa maji, maji yakafika kidevuni, na neno likaandikwa kwamba yataendelea. Hayakuendelea. Wiki iliyofuata walionyesha vikundi vya kucheza na kusifu chama, na wiki iliyofuata pia. Kapitene hakurudi tena. Watu wakaanza kumzuia Polycarpe njiani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa: alitoka namna gani? Kijana hakuweza kuvumilia kumwacha ndani ya maji. Akaamua kumaliza mwenyewe, kwa mchezo, pale pale uani. Joho tu ndilo lililokosekana.

Jumatatu ya Wiki Takatifu, mama mmoja aliingia kanisani kuungama akakuta kiti cha maungamo hakina pazia. Lilikuwa pazia la zambarau, zito, limeletwa na mapadri wa zamani. Kwa miezi mitano wakristo waliungama nyuma ya mkeka uliopigiliwa misumari, na kila Jumapili padri aliomba aliyelichukua alirudishe bila kuogopa.

Domitille alijua siku ile ile. Ni yeye aliyelishona upindo. Polycarpe aliliweka magotini mwake akasema anaazima tu, siku moja, na yeye akamgombeza, akamwita mwizi wa nyumba ya Mungu, kisha akaona upande mmoja wa pazia unaburuta chini na akachukua sindano. Mchezo ulichezwa uani kwa Gérard kukiwa na watu zaidi ya mia moja. Kapitene alitoka majini. Mtaa wote ulishangilia, na tangu hapo hakuna aliyemwita Bulonza, jina la kitambulisho, wala Polycarpe, jina la ubatizo, ila dada yake na watu wa kanisa. Alikuwa Kapitene.

Lakini siku moja ikawa mbili, kisha kila likizo, kisha aibu ya kulirudisha ikazidi aibu ya kulichukua. Domitille alipopiga magoti mbele ya ule mkeka alitaja uvivu, hasira, masengenyo. Pazia hakulitaja. Miaka kumi na miwili, mpaka wiki hii, alipokea komunyo na neno hilo kooni. Mwaka 1985 Polycarpe, aliyekuwa mwalimu sasa na mshahara haufiki, alipofunga mzigo wa kwenda Shabunda kutafuta mahari, alimshika dada yake mabega akasema: "Yaya, dada yangu, nikirudia, tutaipeleka. Mimi mwenyewe nitasema, weye utasimama tu pembeni."

Sasa angerudi Jumamosi, na asingesema kitu.

Alhamisi iliyobaki Domitille alipekua nyumba. Wanawake waliokuja kulia walimkuta ametoa nguo zote kwenye sanduku la bati la marehemu, anakagua hata mifuko ya makoti. Walidhani anatafuta picha. Hakulikuta. Alipanda darini, akashuka. Alikaa na waombolezaji robo saa, akainuka, akaenda shuleni alikofundisha marehemu, akafungua kabati la vitabu vilivyoliwa na mchwa. Hamna. Usiku alisali rozari na wenzake, lakini kila kumi la Salamu Maria lilimkuta anahesabu tena nyumba ambazo hajafika.

Ijumaa ndipo alipokumbuka kwamba hajaenda kwa Gérard. Mzee alikuwa amestaafu, miguu imevimba, hatoki. Domitille aliingia ndani kumpa habari, na kabla hajaketi aliliona. Televisheni ilikuwa bado pale dirishani, imekufa mwaka mzima, na juu yake, limekunjwa mara mbili kuzuia vumbi, pazia la zambarau.

Gérard alikuwa ameshasikia habari. Alimshika mkono muda mrefu. Domitille akamweleza anachotaka, na mzee akatikisa kichwa. Lile alipewa siku Polycarpe alipoaga, akasema, aitunze nalo mashine mpaka arudi. Kutunza ni kutunza.

"Haitawaka tena, tonton," Domitille alisema.

"Ninajua. Ni yeye niko namufunika, Kapitene, si tele."

Gérard akaanza kucheka peke yake, akikumbuka mawe yanayodunda, na rozari ya mwanamke wa nywele nyeupe, na Domitille akacheka naye, mara ya kwanza tangu jana, akajikuta analia. Mzee akauliza kama Polycarpe aliwahi kumwambia mwisho wa kweli. Domitille akajibu kwamba aliuona uani kama wote: Kapitene anapasua tangi.

"Ile ilikuwa ya batoto," Gérard akasema. "Mimi aliniambia ingine, siku ya kuaga. Kapitene anatoka mu mayi, anavua joho anamurudishia mwenyewe, anaenda kwao na miguu. Nikamuuliza, mwenyewe ni nani? Akafunika tele na hii pazia, akaenda."

Domitille akamwambia mwenyewe ni nani. Alimwambia yote, na sindano pia. Gérard alisikiliza hadi mwisho, akainuka kwa shida, akaliondoa pazia mwenyewe na kulikung'uta dirishani.

Domitille alilifua jioni hiyo kwa sabuni mbili, maji yakatoka meusi. Mvua ikanyesha. Alilianika ndani juu ya makaa, akaligeuza, akalipiga pasi likiwa bado na unyevu, akaliunguza pembeni kidogo, akaligeuza tena. Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa mlangoni mwa sakristia, pazia kwenye beseni kichwani.

Abbé Modeste alikuwa padri kijana. Mwaka 1975 alikuwa mtoto huko Walungu. Alisikiliza, akatazama beseni, akasema hajui habari ya pazia lolote. Kiti cha maungamo kina lingine, zuri, hakihitaji la pili. Domitille alikuwa amejiandaa kugombezwa, hakuwa amejiandaa kukosa wa kumpokelea. Akasema kwamba maiti itafika kwa ndege asubuhi hiyo, kwamba hawezi kurudi nalo nyumbani, hawezi, na kama padri halitaki ataliacha pale chini mbele ya mlango.

Padri akaliinua akaligusa. Akamwita Anaclet akamuuliza kitambaa cha kufunikia jeneza kiko wapi. Anaclet akajibu kwamba panya walikitoboa mwaka jana, na tangu hapo wanazika na shuka nyeupe ya kuazima.

"Basi tumepata," abbé akasema. "Ni rangi ya mazishi. Lakini baada ya kaburi inarudia hapa, mama. Haiende naye."

"Haiende naye," Domitille akasema.

Kisha padri akamwonyesha kiti cha maungamo kwa kidole. "Mambo ya Polycarpe tunamuachia Mungu. Weye kuja useme yako."

Alisema yake. Haikuchukua muda.

Misa ilianza saa saba. Jeneza lilikuwa la mbao nyepesi kutoka Shabunda, limefungwa huko, hawakulifungua. Anaclet alilifunika kwa lile pazia, upindo wa Domitille upande wa miguuni. Kanisani watu wa Cimpunda walilitazama, na mnong'ono ukapita kwenye mabenchi, kwa maana wengi walilitambua. Gérard alibebwa na wanaume wawili juu ya kiti, akawekwa mbele. Padri alimwita marehemu Polycarpe. Juu ya msalaba fundi alikuwa ameandika Bulonza, na chini yake, kwa rangi ileile, Kapitene.

Walimpeleka makaburini kwa miguu, njia ikiwa na matope. Padri alibariki shimo. Anaclet aliondoa pazia, Domitille akashika pembe mbili, wakalikunja mara nne, naye akampa Anaclet. Wanaume waliteremsha jeneza kwa kamba. Kamba moja ilikwama, wakaivuta, ikatoka. Domitille alitupa udongo wa kwanza, wengine wakafuata. Walisali Baba Yetu na Salamu Maria tatu. Shimo lilipojaa walisimika msalaba, wakaweka maua, wakanawa mikono kwenye ndoo, wakapanda kurudi nyumbani, Anaclet akitangulia na pazia chini ya kwapa.