Same si upepo na mkonge tu: picha za kwetu, na moshi wa Mama Naetwe

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa wote wa jukwaa, shikamooni.

Miezi kadhaa iliyopita humu ndani mdau mmoja aliandika kwamba Same ni mahali ambapo basi linasimama abiria wachimbe dawa, halafu safari inaendelea. Watu wakacheka.

Mimi nilicheka kidogo, halafu nikakasirika mpaka chai ikapoa.

Nikaahidi nitaleta picha za kwetu. Nimezileta, ila zimekuja na jambo ambalo sikupanga kulisimulia. Yote ni ya kweli. Nimebadilisha jina moja tu, la jirani yetu, kwa sababu wanawe wanasoma humu.

Twende na picha.

Picha ya kwanza ni mjini. Hiyo lami mnaijua, na huo mlima nyuma ndio Upareni kwenyewe kunakoanzia. Ukiona mawe na tairi kuukuu juu ya mabati usidhani ni uchafu, huo ni upepo wetu. Bati lisilolaliwa na kitu hapa linahama bila kuaga.

Ya pili ni makambi ya mkonge. Nyumba ndefu, vyumba vimepangwa mstari, baraza moja ya watu wote. Vibarua waliojengewa walitoka pande zote za nchi hii, na wajukuu wao leo wanaitania lafudhi yetu kwa Kichasu safi, lugha yetu Wapare. Mimi huwa nazipenda zile baraza, hakuna mtu anayepika peke yake pale.

Ya tatu mpaka ya saba ni mlimani. Angalieni hayo matuta ya mawe. Hakuna saruji hata kijiko, ni jiwe juu ya jiwe, na mvua za miaka yote zimeyaacha. Hilo bwawa dogo la udongo tunaliita ndiva. Maji ya kijito yanalala humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika ile ya Mpare kuuza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Ndugu, subiri nimalize.

Ya nane ni nyumba yetu.

Matofali ya kuchoma, bati lililogeuka rangi ya kahawa, madirisha ya mbao yenye komeo la ndani. Babu alijenga kuta, baba akaweka sakafu. Jiko liko pembeni, peke yake, lina dari ya miti ambapo mahindi yanalala juu ya moshi ili yasiliwe na wadudu.

Sasa tazameni mlango wa jiko umeelekea wapi. Umeelekea bondeni.

Ng'ambo ya bonde, kwenye ule mgongo wa pili, kuna bati moja limejificha nyuma ya migomba. Hapo ndipo kwa Mama Naetwe. Alikuwa mjane kama mama yangu, wanawe wote wako mbali, na nyumba yake iko kwenye kona ambayo hakuna jiko lingine linaloiona isipokuwa la kwetu.

Kwetu kuna desturi ya kuangalia moshi.

Asubuhi ukishawasha moto unatoka nje, unatazama jiko la mwenzako ng'ambo. Ukiona moshi, umeshapata salamu, unaendelea na kazi zako. Jua likifika kwenye paa la kanisa na moshi hujauona, unaacha kila kitu unavuka bonde. Kuvuka si mchezo, ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena, magoti yanaongea. Lakini unavuka.

Ndiyo, Mpare hata moshi anauhesabu. Chekeni tu.

Dada yangu Nakunda alipompelekea mama jiko la gesi kwa mara ya kwanza, mama alichemshia chai humo ndani ya nyumba. Kabla ya mchana Mama Naetwe akatokea uani na wanaume wawili wamebeba machela. Akamkuta mama anamenya ndizi.

Alikaa chini akavua kanga ya kichwani akajipepea, akasema, "Wewe mwanamke, mimi nimekuja kukubeba, kumbe unakula!"

Tangu siku hiyo mama akawa anapikia gesi, halafu anakwenda jikoni kuchoma majani mabichi kidogo. Kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Sasa tuje kwenye picha ya tisa.

Mama alianza kusumbuliwa na presha na miguu, na zahanati ya kule juu dawa zake mara zipo mara hazipo. Watoto tukakaa kikao, tukakubaliana tumjengee mjini Same, karibu na hospitali. Tukajenga. Paa la kuficha, jipsamu, tailizi, madirisha ya aluminiamu, fensi, geti jeusi. Ramani aliileta rafiki wa Nakunda kutoka Dar es Salaam, nyumba nzuri kwelikweli. Imetazama lami.

Mgongo wake ndio umeelekea mlimani. Upande huo hakuna dirisha hata moja la kutazamia, kuna vile vidirisha vya choo vilivyo juu karibu na dari.

Wakuu, hakuna aliyeliona hilo. Wapare watupu, wana wa nyumba zinazotazama bonde, tumesimama saiti tukasifia geti.

Siku ya kumhamisha mama mawingu yalikuwa yamefunga, na dereva alikuwa anahofia utelezi. Mama akasema, "Ngojeni kwanza nivuke nikamuage mwenzangu."

Maana kwetu anayehama anavuka bonde kuaga. Mnakaa, mnakula kitu, na mnakubaliana nani atabaki kuangalia moshi wa huyo anayeachwa. Bila hivyo hujahama, umetoroka.

Nakunda akamwambia, "Mama, utampigia simu."

Mama hakubishana. Alipanda gari, akakaa mbele, akatazama ng'ambo mpaka kona ya kwanza.

Mimi nafanya kazi Dodoma. Nilipopata likizo nikaenda Same kwa ajili ya hizi picha nilizowaahidi. Asubuhi ya kwanza nikasikia jirani analalamika ukutani, nguo zake alizoanika zinanuka moshi. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Nikamkuta mama yangu kwenye kile kichochoro kati ya ukuta na fensi, pembeni ya tenki la maji. Amewasha moto wa majani makavu. Ameegemea ukuta, anatazama mlima.

Nikamwambia, "Mama, kule hawezi kuuona. Kuna milima mingine katikati."

"Najua haoni, mwanangu. Mimi si mtoto."

"Sasa unawasha wa nini?"

Akaongeza majani motoni. "Mimi huku nina ninyi, nina hospitali, nina geti. Yule nimemwacha na nani? Nani anatoka nje asubuhi kumtazama?"

Kisha akaniambia, "Wewe si unapanda kupiga picha? Lala kule nyumbani. Asubuhi uniangalizie."

Nikapanda siku hiyo hiyo.

Alfajiri nilitoka uani na blanketi mabegani. Baridi ya kwetu inakujua kwa jina. Jua lilipoanza kugusa matuta ya juu, moshi ukatoka ng'ambo kwenye migomba, mwembamba, ukapanda wima kwa sababu upepo ulikuwa haujaamka. Nikapiga picha. Nikasikia furaha ambayo sikuitegemea, nikaingia jikoni kwa mama nikawasha moto mimi pia, nichemshe chai.

Hapo sikufikiria mbali.

Nilikuwa sijamaliza hata kikombe cha pili niliposikia mtu anahema njiani. Mama Naetwe. Amevaa kitenge cha kanisani, mkononi hotipoti ya makande. Amevuka bonde lote lile kwa magoti yale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Yuko wapi?" Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye mlango wa jiko.

Nikamwambia ni mimi tu, mama yuko Same, hajambo, anamsalimia.

Aliweka hotipoti chini polepole. Akasema, "Nimeona moshi. Nikajua amerudi."

Kisha akakaa kwenye kigoda cha mama na akalia, bila sauti, anajifuta kwa ncha ya kitenge. Mimi nilisimama tu kama mgeni kwenye jiko la mama yangu. Nilijisikia vibaya sana.

Baadaye tulikula yale makande. Akaniambia kila asubuhi bado anatoka kutazama kwetu, akijua hakuna mtu. Akaniambia pia hana kinyongo, sisi ni watoto, tumefanya kwa upendo. "Lakini mwambie alipaswa kuniaga. Ningemruhusu."

Kabla sijashuka nilitafuta mtu wa kukaa nyumbani kwetu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikubali kuhamia shule zikifungwa, akae bure, sharti awe anawasha moto jikoni na kutazama ng'ambo. Alicheka kidogo, halafu akaona sicheki.

Niliporudi Same nikamweleza mama. Aliuliza moshi ulikuwa wa namna gani. Nikamwambia mwembamba, umepanda wima. Akaitikia kwa kichwa, na jioni ile alikula vizuri. Nikamleta fundi kupima dirisha kwenye ule ukuta wa nyuma.

Mwalimu hakuwahi kuhamia, shule zilikuwa bado hazijafungwa.

Jumapili moja Mama Naetwe hakuonekana kanisani. Jumatatu wenzake wa kwaya wakaenda kumwuliza. Walimkuta jikoni kwake, ameanguka karibu na mafiga, na majivu yalikuwa yamepoa kabisa. Wapo wanaosema hata angewahiwa isingesaidia. Huenda ni kweli. Ninachojua mimi ni kwamba asubuhi ile ya Jumapili hapakuwa na moshi, na hapakuwa na mtu wa kuona kwamba haupo.

Tukampandisha mama kwa mazishi. Mama Naetwe alizikwa nyumbani kwake, kwenye migomba ile ile.

Mama alikataa kulala msibani. Alilala kwetu, na kila asubuhi alitoka uani kutazama ng'ambo. Mnajua msiba wa kwetu, mafiga yako uani, masufuria ya watu wote, wanawake wanapika tangu alfajiri. Moshi ulijaa bonde zima.

Mama akasema, "Tazama. Leo wote wamekuja kumwashia."

Matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika. Kesho yake mama akawasha moto wake, akatoka, akasimama pale pale. Nilimwacha. Jua lilifika kwenye paa la kanisa, likapita, likashuka mpaka kwenye migomba.

Ndipo akarudi ndani, akamwagia moto maji, akafunga mlango wa jiko.

"Haya, nipelekeni Same," akasema. "Sasa nimeaga."

Dirisha lile la nyuma limeshakamilika. Ni kubwa, linaona mlima wote wa mbele. Mama hukaa hapo na chai yake. Moto kule nyuma ya nyumba hawashi tena, na jirani kafurahi. Nakunda amelia sana kuhusu lile neno lake la simu, na mimi sijamwambia neno, maana sote tulikuwa saiti.

Wakuu, mkitaka kumjengea mzazi, jengeni. Lakini kabla ya ramani kaa naye asubuhi moja, uone akitoka nje anatazama upande gani, na anamtazama nani.

Picha ya mwisho ndiyo ile niliyopiga alfajiri. Nilitaka kuiacha kwa sababu katikati kuna kitu cheupe kama doa, nikadhani mtasema kamera mbovu. Si doa, wala si ukungu.

Wa kwetu, na wa milima mingine pia: kwenu mnaangaliana vipi? Tupia komenti. Na kama mama yako bado anawasha jiko, weka picha ya mlango wake, tuone umeelekea wapi.