Jezi Safi za Mama Povu

Saa tatu asubuhi, Mama Povu anakamua jezi namba saba mpaka maji yanamchuruzika viwikoni. Kamba ya nyuma ya bweni imeshalemewa. Wanafunzi wawili wanapita, wanamwona, wanageuza njia.

"Wananikwepa kama mimi ndiye ninayenuka," anasema.

Yeye ni dobi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Jumamosi iliyopita timu ilifungwa kwa pointi moja na watani wao, kwenye mechi ya vyuo inayofanyika kila mwaka katika jiji la jirani. Chuo kizima kimeshampata mchawi: Mama Povu na beseni lake.

Timu hii ina mwiko. Ikishinda mchezo wa mwisho kabla ya safari ya jijini, jezi hazifuliwi. Zinafungiwa stoo na jasho lake, eti bahati isisuuzwe. Miaka yote dobi alinyamaza.

"Mechi pekee inayoonyeshwa kwenye televisheni, ndiyo wanayoendea na kwapa za njano! Mdogo wangu anaishi hukohuko jijini. Mwaka jana alinipigia: 'Dada, chuoni kwenu sabuni ni haramu?' Akacheka mpaka akapaliwa. Nikacheka naye. Nilipokata simu, nililia."

Mechi yenyewe hajawahi kuiona akiwa uwanjani. Kila mwaka huambiwa kiti chake kwenye basi kipo mwakani. Safari hii, siku moja kabla ya kuondoka, aliambiwa kiti kimepewa ngoma ya washangiliaji.

"Ngoma! Wakaifunga na mkanda, isije ikaumia."

Jioni ileile alifungua stoo, akatoa jezi zote, akafua.

Ilikuwa hasira? namuuliza.

"Hasira ilinifungulia mlango. Kufua nilifua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Zilimeta, mwanangu. Hata waliotufunga hawakumeta vile."

Kocha, kijana wa rika la mwanawe wa kwanza, anatokea kwenye kona ya bweni akiwa na filimbi shingoni.

"Mama, wasichana wamekaa wanakusubiri. Njoo useme samahani tu, yaishe. La sivyo ofisi itatafuta dobi mwingine."

"Mpira wa mwisho ulidunda kwenye ringi ukatoka. Nani alirusha?"

"Mama, hayo mengine…"

"Nani alirusha?"

"Nahodha."

"Ameomba samahani?"

Kocha anaitazama filimbi yake. "Yeye alijitahidi."

"Na mimi nilisugua."

Anapachika kibanio cha mwisho kwenye jezi ya nahodha. Mwakani, anasema, awe na kazi hii au asiwe nayo, atalala kwa mdogo wake na kukata tiketi yake mwenyewe. Atakaa mbele kabisa, aone nani amevaa nini.

"Kwa hiyo niwaambieje, mama?" kocha anauliza.

"Waambie jezi zitakauka saa sita. Samahani hawapati."