Hodi Tatu kwa Ndege

Jumanne, tarehe 11 Juni. Asubuhi ukungu ulifika mpaka mlangoni na majani ya uani yalikuwa meupe kwa baridi. Jua lilitoka saa tano, lakini halikusaidia kitu.

Mdogo wangu alishuka kutoka Makambako ukungu ukiwa bado haujaondoka. Yeye ni mtakwimu. Neno hilo nimeishi nalo miaka mingi na bado sijui kulieleza. Watu wa kanisani wakiniuliza, "Hivi dada yako anafanya kazi gani hasa?" huwa nasema anahesabu ndege. Si kweli. Anayehesabu ni mimi, mtu wa darasa la saba. Yeye hukaa na hesabu zangu kwenye chumba alichopanga Makambako, akazihoji moja moja. Alisoma chuo, akafundisha shule kidogo, akaacha, akaingia kwenye mradi wa kujua ndege wa nyasi, hasa mbayuwayu, wanabaki wangapi baada ya watu kupanda miti ya paina. Mama alilia siku ile. Ualimu una pensheni, alisema.

Kazi aliyonipa ni nyepesi. Kompyuta yake huchagua vituo upande wa Kifanya, bila kujali kama ni kwenye nyasi, ndani ya paina au bondeni kwenye vinyungu, bustani za watu za kiangazi. Mimi nafika kituoni alfajiri, nasimama dakika kumi, naandika kwenye fomu ndege niliowaona na niliowasikia, naondoka. Nimefanya hivyo misimu mitatu ya mvua.

Leo aliweka kompyuta mezani, karibu na kikombe cha chai ambayo hakuinywa.

"Kaka, sifuri ziko wapi?"

"Sifuri zipi?"

"Misimu mitatu, vituo vyote, hukukosa ndege hata mara moja. Hata katikati ya paina, kule ambako hata panzi halii."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani ananisifu. Nikamweleza kwamba ni juhudi tu. Nikisimama dakika kumi nikakuta kimya, sikuandika kitu. Nilirudi kesho yake. Ikiwa kimya tena, nilirudi keshokutwa, na hapo mara nyingi walau mmoja alilia. Siku hiyo ndiyo niliyoiandika. Wakigoma hata siku ya tatu niliendelea kurudi. Kwetu ukipiga hodi ukakuta kimya, huwezi kwenda kutangaza kwamba nyumba ile haina watu. Unapiga ya pili, unapiga ya tatu. Na mwenye shamba la miti nilitaka nimtendee haki, asije akasema nilipita siku mbaya nikamwandikia hakuna.

Alicheka. Kisha akaacha ghafla, akashika paji la uso.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi mlangoni. Akasema, "Wifi, mimi nilimwambia. Ndege hawana adabu ya kuitikia hodi. Akanijibu eti mimi nasikia uvivu kwa niaba yake."

Ni kweli nilimjibu hivyo.

"Vituo gani ulirudia?" mdogo wangu akauliza.

"Vingi vya paina. Vya nyasi vichache, kule ndege wapo."

"Vingapi? Vipi?"

"Sikuandika. Ila nikikaa chini nikatulia naweza kukumbuka."

"Usikisie, kaka. Ukinikisia nitakuamini, maana nakutegemea wewe."

Akanieleza polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi wake. Kimya kile ndicho alichokuwa anakitafuta. Fomu zangu zinasema ndani ya paina kuna ndege karibu sawa na kwenye nyasi, na ripoti inayosema hivyo anatakiwa kuikabidhi Ijumaa. Mkataba wake unasubiri ripoti hiyo.

Nataka niwe mkweli hapa. Alinifundisha vizuri. Siku ya kwanza alisema, andika unachokikuta. Nadhani alisema pia kwamba sifuri ni jibu, ila siwezi kuapa, maana neno sifuri mimi nalijua la kwenye daftari langu la hesabu, na lilikuwa na fimbo. Lakini yeye naye, miaka mitatu, hakuuliza. Hilo amelisema mwenyewe, si mimi.

Nikamwambia nitaanza upya mvua ikianza, nihesabu bure. Akasema zile nyasi za bondeni zimeshalimwa, zimepandwa parachichi. Hata nikisimama pale mwaka mzima, sitawakuta mbayuwayu wa miaka ile wala kutokuwepo kwao.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaandika kwamba hesabu za kwenye paina hazifai."

"Watakufukuza?"

"Sijui, kaka."

"Andika kwamba kosa ni langu."

"Kwenye ripoti hakuna kaka. Kuna mhesabuji."

Mchana wote aliandika barua kwa mkuu wake. Mimi nilitoka nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Niliporudi aliniomba nisome kama amenionea. Hakunionea. Nilitamani anionee kidogo.

Jioni tumekula ugali na maharage, na vile viazi vya kuchemsha. Mdogo wangu alikula kiazi kimoja, akauliza basi la kwanza la Makambako linaondoka saa ngapi. Mke wangu alimfungia vilivyobaki.